Kutengeneza filamu ya uhalifu Dodoma kwa fedha kidogo, na ikaaminika

Mtu anayetaka kutengeneza filamu yake ya kwanza ya uhalifu kwa kawaida huanza kutafuta bastola, kisha gari jeusi lenye vioo vya giza, kisha nyumba ya ghorofa ya kumweka jambazi mkuu. Vitu hivyo vikishapatikana fedha imekwisha, na hadithi yenyewe bado haijaandikwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi cha watu sita hadi kumi, chenye kamera moja au simu nzuri, kinachofanya kazi Dodoma, Singida au wilaya nyingine za katikati ya nchi. Unashikilia kwamba mtazamaji wa kwetu huamini uhalifu pale anapoyaona mambo yanayouzunguka: karatasi, simu, foleni, vumbi na watu wanaojuana. Karibu yote hayo hayana bei, ila yanataka kuchunguzwa kabla kamera haijawashwa.

Hatua ya 1: Chagua uhalifu ambao mji wako unaujua

Dodoma ina uhalifu wake unaozungumzwa barazani. Kuna dalali anayeuza kiwanja kimoja kwa watu wawili, kuna wakala wa fedha za simu anayeviziwa akifunga kibanda, kuna ng'ombe walioibwa wanaofika mnadani wakiwa na alama mpya, na kuna ule ujumbe wa simu unaomtaka mtu atume ile hela kwenye namba nyingine. Hadithi ikianzia hapo, nusu ya kazi ya kumfanya mtazamaji aamini imekwisha kufanywa na maisha.

Tuchukue kiwanja. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi waliijua kwa kifupi cha CDA, iliundwa mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ikavunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamishiwa halmashauri. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ilikuwa imeanza kuhamia kweli kweli, na Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mwandishi akizipanga tarehe hizo mezani ataona hadithi ikijijenga: mjane wa Nkuhungu mwenye karatasi ya zamani iliyokunjwa ndani ya Biblia, mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam mwenye karatasi mpya kabisa ambayo hajui kuwa imeghushiwa, na dalali aliyemuuzia, ambaye asubuhi moja anakutwa amekufa korongoni. Hao ni watu watatu na karatasi mbili, na hakuna hata sini moja inayodai ghorofa.

Andika ukijiwekea mipaka. Kwa maoni yangu filamu ya namna hii isizidi mahali patano pa kupigia picha na waigizaji saba wenye maneno. Kila sini ya usiku iulizwe mara mbili kama haiwezi kuwa ya alfajiri. Uliza pia swali la simu mapema, kwa sababu ndilo linaloangusha miswada mingi. Laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na zile ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Kwa hiyo mhalifu wako hawezi kununua laini dukani, akatisha watu nayo na kuitupa mtoni kama wanavyofanya kwenye sinema za Marekani. Atatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine, labda kijana wa bodaboda aliyeombwa kidole chake kwa elfu tano, ni mhusika mzuri kuliko jambazi mwenyewe.

Hatua ya 2: Ifuate njia ya jalada

Hii ndiyo hatua ambayo watengenezaji wengi huiruka, nami ningeomba itumie muda mwingi kuliko zote. Kabla ya kuandika sini za polisi na mahakama, kaa na watu wawili au watatu waliowahi kuifanya kazi hiyo, hasa askari mstaafu na karani wa mahakama aliyestaafu, na uwaulize jalada la kesi linatoka mkono upi kwenda mkono upi. Usiwaulize habari za kesi yoyote iliyo hai. Waulize utaratibu tu. Wazee hawa wakipata kikombe cha chai huzungumza mpaka jua linazama.

Utagundua kwanza kwamba polisi siye mtu wa kwanza kufika kwenye maiti. Anayeiona ni mchunga mbuzi au mama aliyekwenda kuokota kuni. Anamwita balozi wa nyumba kumi, balozi anampigia mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti ndiye anayepiga simu kituoni. Difenda, gari la polisi, inapofika, watu hamsini wamekwisha kukanyaga kila unyayo uliokuwapo. Sini yenye utepe wa njano na wataalamu waliovaa nguo nyeupe mwili mzima, wakiwa peke yao katika ukimya, haitaaminika Chamwino. Sini yenye watu hamsini waliosimama kimya, wanawake wakiwa wamejifunika kanga vichwani, na askari mmoja akiwarudisha nyuma kwa adabu huku akiwataja wengine kwa majina, itaaminika, na haigharimu zaidi ya chai na maandazi ya watu hamsini.

Kituoni kuna kaunta, kuna daftari la taarifa, na kuna RB, ile namba ambayo mlalamikaji huondoka nayo kwenye kipande cha karatasi. Aliyejeruhiwa hupewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali. Upekuzi wa nyumba una mwenyeji wake. Shahidi huru anaitwa, mara nyingi balozi au mwenyekiti wa mtaa, anashuhudia, na hati ya ukamataji mali inasainiwa na mwenye nyumba, shahidi na askari. Piga picha ya kitu hiki kimoja: saa nane usiku, mama wa makamo ambaye ndiye balozi ametolewa kitandani, amejifunga kanga juu ya gauni la kulalia, ameshika kalamu, na anasaini kwa tochi ya simu kwamba ameona panga likitolewa chini ya kitanda cha kijana aliyemwona akizaliwa. Hakuna ufyatuaji wa risasi utakaoishinda sini hiyo kwa uzito.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai huweka muda wa msingi wa saa 4 wa kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi, muda ambao unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa, na mtuhumiwa huandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo anayoyatoa baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Mwandishi wa thrila anapaswa kuufurahia muda huo, kwa sababu ni saa iliyowekwa ukutani na sheria yenyewe. Vinasaba navyo havijibiwi kwa simu baada ya dakika tano. Sampuli hufungwa, huandikishwa, hupelekwa kwenye Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na mpelelezi wako anabaki akisubiri huku ndugu wa marehemu wakija kila asubuhi kukaa kwenye benchi. Acha asubiri, maana kusubiri kwenyewe kunambana.

Mahakamani makosa ni mengi zaidi. Tanzania haina baraza la raia kumi na wawili wanaotoa uamuzi wa hatia. Mshtakiwa wa mauaji hufikishwa kwanza katika mahakama ya chini, ambako husomewa shtaka na kuambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Upande wa mashtaka husema upelelezi haujakamilika, kesi hupangiwa tarehe ya kutajwa, na mshtakiwa hurudi mahabusu kwa sababu shtaka la mauaji halina dhamana. Mambo hayo huisha kwa dakika chache, na ufupi wake ndio unaotisha. Mama yake amekuja na chakula kwenye kontena, ameketi nyuma, na karandinga inaondoka kabla hajapata nafasi ya kumpa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama, kwa hiyo hakuna tena udhuru wa kumweka wakili anayetema Kiingereza ili aonekane msomi.

Hatua ya 3: Tafuta vibali mapema

Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na kibali hutafutwa kabla ya kupiga picha, si baada. Anza kwa Afisa Utamaduni wa jiji au wilaya yako, kwa sababu yeye anaijua njia na barua yake hufungua milango ya chini. Kisha mwone mtendaji na mwenyekiti wa kila mtaa utakaoutumia. Kuvaa sare za polisi au za jeshi bila ruhusa ni kosa la jinai, na kisingizio cha uigizaji hakimsaidii mtu aliyekamatwa njiani akiwa nazo. Njia rahisi ni kumfanya mhusika wako mkuu mpelelezi, kwani wapelelezi huvaa kiraia. Shati la mikono mifupi, kalamu mfukoni na viatu vyeusi vilivyopakwa rangi lakini vina vumbi kwenye mishono vinatosha kumtambulisha.

Dodoma ni makao makuu ya nchi, na hilo lina uzito wake kwa mtu mwenye kamera. Eneo la Bunge, Mji wa Serikali kule Mtumba, Ikulu ya Chamwino, kambi za jeshi, magereza na stesheni za reli si mahali pa kutoa kamera kwa kubahatisha. Ndege isiyo na rubani nayo inahitaji ruhusa inayopitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ushauri wangu ni kuiacha kabisa. Picha ya kutoka juu ni nzuri, lakini kwenye filamu ya fedha kidogo hutangaza kwamba mwongozaji alipata kifaa kipya wiki ile.

Hatua ya 4: Waambie majirani, wote

Mahali pazuri pa filamu hii ni pale ambapo mtu wa kikundi chenu anajulikana. Nyumba ya shangazi Ipagala ina thamani kuliko jumba la kukodi, kwa sababu shangazi atawanyamazisha watoto. Mashamba ya zabibu ya Zuzu na Makutupora, vichaka vya Manyoni na Itigi, na miamba mikubwa iliyozagaa mjini Singida ni mandhari ambayo hayahitaji kupambwa. Mwombe mwenye mahali, mwandikishe makubaliano mafupi, mlipe hata kama ni kidogo, na uondoke pakiwa pasafi kuliko ulivyopakuta.

Jambo la kutilia mkazo ni kwamba uhalifu wa kuigiza unaweza kugeuka wa kweli. Miaka michache iliyopita tulikuwa tunapiga sini ya kijana anayekimbia na begi katika mtaa mmoja wa Chang'ombe. Mwenyekiti alikuwa na taarifa, wenye maduka ya upande wetu walikuwa na taarifa, na kamera ilikuwa ndani ya bajaji ili isionekane. Mwigizaji wetu wa kike alipopiga kelele za "mwizi!" kwa ufundi aliofundishwa, vijana wa kijiwe cha bodaboda cha barabara ya pili, ambao hakuna aliyewaambia, waliwasha pikipiki. Walimpata kijana wetu kabla yetu. Aliokolewa na fundi cherehani mmoja aliyemwingiza dukani na kufunga mlango, akasimama nje na mkasi mkononi akisema kwamba mtu huyu ataondoka na polisi au hataondoka kabisa. Tulipofika na barua zetu tulikuta shati limechanika na mdomo unavuja damu ambayo haikuwa ya sukari.

Tangu siku hiyo hatupigi neno hilo hadharani. Sini ya mbio tunaipiga kimya, mwigizaji akikimbia mwendo wa wastani, na kelele tunaziweka baadaye wakati wa uhariri. Mtu wetu mmoja huvaa fulana ya rangi kali na kutembea mita mia mbili mbele akimweleza kila anayemkuta, kijiwe kwa kijiwe. Kamera nayo inaonekana wazi. Usiifiche kamera katika sini ya vurugu, hata kama picha ingekuwa nzuri zaidi.

Hatua ya 5: Fanyia kazi maneno kabla ya sura

Mwigizaji wa hapa akipewa nafasi ya afande huanza kufoka. Mpelelezi mzoefu hafoki. Anasalimia. Heshima ya umri haivuliwi mlangoni pa kituo, na humo ndimo mvutano unamokaa. Soma mistari hii kwa sauti ya chini, mpelelezi akiwa na miaka thelathini na mtuhumiwa akiwa na sitini:

"Shikamoo, mzee."
"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"
"Sijambo. Nyumbani hawajambo?"
"Hawajambo, namshukuru Mungu."
"Mama anasema hujalala nyumbani tangu Ijumaa."

Hapo mzee anavua kofia na kuiweka magotini. Hakuna aliyepiga meza, na mtazamaji amejua kila kitu. Zingatia pia lugha za mahali. Mama wa Kigogo aliyefiwa hatalia kwa Kiswahili cha redioni, na wazee wa Kondoa watasemezana Kirangi wakiwa hawataki mpelelezi asikie. Weka maandishi ya tafsiri chini na uache lugha ifanye kazi yake. Mpelelezi wako akiwa mgeni aliyehamishiwa Dodoma kikazi, kutokuelewa kwake kunaweza kuwa sehemu ya fumbo.

Kwa wahusika wadogo, mtafute mwenye kazi yenyewe badala ya mwigizaji. Mama lishe wa kweli hupakua wali huku akizungumza bila kuangalia mikono yake, na mwigizaji atahitaji wiki mbili kujifunza hivyo.

Hatua ya 6: Silaha, damu na maiti

Silaha ya kweli isiingie kwenye seti, iwe na risasi au haina, iwe ya mlinzi mnayemfahamu au ya ndugu wa mtayarishaji mwenye leseni. Tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico nchini Marekani, mpigapicha mkuu Halyna Hutchins aliuawa katika maandalizi ya sini kwa risasi halisi iliyotoka kwenye bastola iliyokuwa imetangazwa kuwa salama, na hiyo ilikuwa kazi yenye wataalamu wa silaha na bajeti ambayo sisi hatutaiona. Kwa hadithi za huku bastola mara nyingi si ya lazima. Panga hukatwa kwenye ubao mwembamba, hupakwa rangi ya fedha, kisha ukingo husuguliwa kwa mkaa. Panga la kweli hutumika tu kwenye picha ya karibu ambayo hakuna mtu upande wa pili. Mkihitaji bastola ya mfano, ichongwe ya mbao, ikae ndani ya begi muda wote ambao kamera haiwaki, na kituo cha polisi cha eneo hilo kiwe kimetaarifiwa kwa maandishi.

Damu tunaipika. Kilo moja ya sukari huchemshwa na nusu lita ya maji mpaka iwe nzito kama asali nyepesi, huongezwa rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha kakao ili wekundu usipige kelele, na tone moja la rangi ya bluu. Tuliwahi kujaribu choya kwa kuwa ni rahisi na inapatikana kila soko, lakini kwenye kamera ilitoka zambarau, na marehemu wetu akaonekana kama mtu aliyemwagiwa mvinyo wa Dodoma. Jaribu kila chungu mbele ya kamera kabla ya siku yenyewe, kwenye kitambaa kile kile na mwanga ule ule.

Kosa linaloonekana katika filamu nyingi ni damu kubaki nyekundu na kung'aa asubuhi ya pili. Damu ikikauka huwa ya kahawia inayokaribia weusi, na kwa hewa kavu ya Dodoma mambo hayo hayachukui muda. Kwa sini za baadaye paka mchanganyiko mzito wa kakao na rangi kidogo sana, uache ukauke juani, kisha uukunje mpaka upasuke. Nje ya nyumba sukari ina adui yake. Tulipokuwa Manyoni wakati wa kiangazi, ambapo maua ni machache, nyuki walimkuta maiti wetu ndani ya robo saa, na maiti akakimbia. Siku hizi damu ya nje tunaitengeneza kwa uji mwembamba wa wanga wa muhogo usio na sukari.

Nunua mashati matatu yanayofanana ya mhusika atakayelowa damu, na uyanunue duka la nguo mpya, kwa sababu mtumbani hutapata mawili yanayolingana hata ukizunguka siku nzima.

Maiti ina adabu yake. Wenye nyumba wengi watakubali mpige ugomvi sebuleni mwao lakini hawatakubali mtu alazwe kama amekufa kitandani mwao, na jibu hilo liheshimiwe bila kubembeleza. Mweleze mwenye mahali sini hiyo kwa maneno ya wazi tangu siku ya kwanza. Kwa kamera, maiti iliyofunikwa shuka na nyayo mbili zilizopauka kwa vumbi inatosha. Uso ukilazimika kuonekana, picha isizidi sekunde tano, na mwigizaji abane pumzi baada ya kutoa hewa, si baada ya kuivuta, kwa maana kifua kilichojaa hutetemeka.

Hatua ya 7: Jua, vumbi na taa

Jua la mchana wa Dodoma hukausha nyuso na kuchimba vivuli vyeusi machoni. Piga sini za nje kuanzia alfajiri hadi saa tatu, kisha kuanzia saa kumi alasiri, na mchana ingieni ndani. Jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:00 jioni kutegemea mwezi, na baada ya hapo mna kama dakika ishirini za mwanga wa bluu ambao kwenye filamu hupita kama usiku. Fanyeni mazoezi mchana kutwa kwa ajili ya dakika hizo ishirini. Ndani ya chumba, shuka jeupe mkabala na dirisha hufanya kazi ya taa ya laki kadhaa.

Umeme wetu ni wa 50 Hz. Weka kamera kwenye picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50, la sivyo taa za dukani na za kituo cha polisi zitaonekana zikichezacheza kwenye video, na kasoro hiyo ni ngumu kuisafisha baadaye. Kwa simu, funga mwanga na rangi kabla ya kila picha, vinginevyo chumba kitabadilika rangi kila mwigizaji anapopita dirishani.

Vumbi liache lionekane kwenye viatu, kwenye meza ya kaunta na kwenye majani ya mwarobaini, ila lisiingie kwenye lenzi. Lenzi hubadilishwa ndani ya gari lililofungwa vioo. Na mwandishi wa kumbukumbu aandike kiwango cha vumbi kwenye suruali ya kila mhusika kama anavyoandika maneno, kwa sababu hicho ndicho kinachosahaulika.

Hatua ya 8: Sauti

Mtazamaji husamehe picha yenye giza lakini hasamehi maneno asiyoyasikia. Upepo wa kiangazi, hasa kuanzia Juni, hupiga maikrofoni mpaka sentensi nzima inapotea, kwa hiyo kofia ya manyoya ya maikrofoni inunuliwe kabla ya taa yoyote. Paa la bati hulia jua linapolikolea na linapopoa, na sini ya kunong'ona chini ya bati ipigwe usiku bati likiwa limetulia. Kila mahali mkimaliza, watu wote wanyamaze na mrekodi dakika moja ya ukimya wa mahali hapo, kwani ndio utakaoziba mianya ya uhariri. Rekodini pia mnada, kengele za mbuzi, redio ya jirani na mashine ya kusaga.

Muziki usichukuliwe mtandaoni. Mpiga zeze au ilimba wa Kigogo akikaa na sauti moja kwa nusu saa atakupa hofu ambayo hakuna programu inayoiuza. Mlipe, saini naye makubaliano, na uisajili kazi Ofisi ya Hakimiliki.

Hatua ya 9: Ratiba na fedha

Nauli na chakula ndivyo vinavyomaliza filamu, na mimi hutenga theluthi ya fedha yote kwa hivyo viwili. Kama watu wenu wana ajira, pigeni mwishoni mwa wiki. Christopher Nolan alipiga filamu yake ya kwanza ndefu, ambayo nayo ilikuwa ya uhalifu, kwa mtindo huo mjini London kwa muda wa karibu mwaka mmoja, na waigizaji wake walifanya mazoezi ya kutosha ili kila picha ipatikane kwa mara moja au mbili. Mtindo huu una hatari moja tu, nayo ni nywele. Mwigizaji mkuu asiende kwa kinyozi bila ruhusa. Epukeni Desemba hadi Aprili kwa sini za nje, si kwa sababu mvua ni nyingi bali kwa sababu nchi hugeuka kijani, na korongo la wiki ya kwanza halitafanana na la wiki ya tatu. Juni na Julai usiku ni wa baridi, na mwigizaji aliyelala chini na shati lililolowa apewe blanketi kati ya picha na picha.

Hatua ya 10: Hariri, kisha mwonyeshe anayejua

Nakili kazi ya kila siku mara mbili kabla ya kulala, na nakala moja ilale nyumba nyingine. Kwa uhariri, toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve linatosha kazi yote hii ikiwa kompyuta ina nguvu. Kabla filamu haijaonyeshwa hadharani itahitaji kukaguliwa na kuainishwa na Bodi ya Filamu, basi weka siku za kutosha kati ya kumaliza na kuzindua.

Lakini kabla ya kuipeleka huko, mkalishe yule askari mstaafu wa hatua ya pili mbele ya kompyuta, usimweleze chochote, na utazame uso wake badala ya filamu. Sisi tulipofanya hivyo, mzee alitazama maiti, upekuzi na mahojiano bila kutikisika. Alicheka mara moja tu, kwa sauti, katika sini tuliyoipenda kuliko zote, ambamo mkuu wa polisi wa wilaya alikwenda mwenyewe usiku kufungua mlango wa lokapu na kuzungumza na mtuhumiwa. "Huyo OCD wenu," alisema akijipangusa macho, "askari wa zamu amemtuma wapi?" Tuliikata sini ile jioni hiyo hiyo, na maneno yake muhimu tukampa askari wa zamu, anayeyasema huku akiandika daftari bila kuinua kichwa.